Chama Kidogo Kikae Wapi: Namna Tulivyochagua Makao Yetu Katika Albion Online

Katika magemu ya mtandaoni ambamo maelfu ya watu huishi ndani ya dunia moja kwa wakati mmoja, chama kipya, yaani kikundi cha wachezaji wanaocheza pamoja, hukabiliwa na swali la makao kabla hakijafanya jambo lolote la maana. Kitaweka ghala lake mji gani, kitanunua kisiwa chake wapi, na wanachama wakiambiana wakutane nyumbani watakuwa wanakusudia lango lipi? Sisi wa Tanga tulilijadili swali hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyolijadili jina la chama, na naona tulifanya vyema, kwa sababu jina halimchoshi mtu kila jioni, lakini makao yasiyomfaa humchosha hadi akaacha kuingia. Sasa wenzetu kadhaa wa Muheza na Pangani wanataka kuanzisha vyama vyao katika Albion Online, na wametuuliza kwa nini tuliweka makao Bridgewatch, mmoja wa miji ya gemu hilo, ilhali waliotutangulia walitushauri twende mji wa Caerleon au tukajaribu bahati ya nchi za mbali zilizo nje ya miji. Nimeona niwajibu kwa kirefu.

Msimamo wangu ni huu: chama cha watu wenye kazi, familia na masomo kinapaswa kuchagua makao kwa kumtazama mwanachama mwenye muda mchache kuliko wote. Faida, umaarufu wa mji, uzuri wa majengo na hata usalama vyote vije baada ya hapo. Nikisema hivyo simaanishi kwamba faida si kitu. Namaanisha kwamba faida inayopatikana kwa saa nne mfululizo si faida kwa mtu ambaye Mungu akimjalia sana anapata saa moja.

Nieleze kwanza sisi ni nani, maana ushauri usiojulikana umetoka kwa watu wa namna gani hauna kazi. Chama chetu kina watu kumi na kitu. Yumo dada muuguzi ambaye wiki moja yuko zamu ya mchana na wiki inayofuata yuko zamu ya usiku; yumo kaka wa Chumbageni anayefanya kazi za bandarini; yumo mwalimu wa shule ya msingi huko Pangani; yumo mzee mmoja mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza ambaye msimu ukichanganya haonekani kabisa, na wapo vijana wa Ngamiani ambao bado wanasoma na wana muda kuliko sisi wengine sote. Wengi wetu tunacheza kwa simu. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua gemu hili hasa: Albion, iliyotengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, ilitoka rasmi kwa kompyuta mwaka 2017, ikaja kwenye simu mwaka 2021, na mwenye simu na mwenye kompyuta huingia dunia ile ile, soko lile lile na vita vile vile. Kuingia hakulipiwi. Kwa chama kama chetu, gemu linalodai kompyuta ya bei kubwa lingekuwa limewafungia mlango nusu ya wanachama kabla hata hatujaanza.

Kabla ya mji kuna seva, yaani kompyuta kuu inayobeba dunia ya gemu, na wengi huliruka jambo hili kwa sababu huchaguliwa kwa kugusa kioo mara moja tu wakati wa kujisajili. Albion ilianza ikiwa na dunia moja, ambayo sasa ndiyo ya Amerika. Machi 2023 ikafunguliwa dunia ya pili kwa ajili ya Asia, na Aprili 2024 ya tatu kwa ajili ya Ulaya. Dunia hizo hazichangamani. Mhusika uliyemkuza katika moja hahamii katika nyingine, wala mali yake haihamishwi, kwa hiyo uamuzi huu ndio mgumu kuliko wote kuurudisha nyuma. Mji unaweza kuuhama ndani ya jioni moja ukiwa na uvumilivu na mnyama wa mizigo. Seva ukiihama unaanza upya kama mtoto.

Tulichagua Ulaya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake ni kwamba kila kilomita 1,000 za waya huongeza kama milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi, hata kama mitambo yote iliyo njiani inafanya kazi bila dosari. Tangu waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na mingine kuufuata, pwani yetu imeungana na Ulaya kwa njia ya kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, na pia kwa njia ya kusini kupitia Afrika Kusini. Kwenda Amerika mawasiliano yetu kwa kawaida hufika Ulaya kwanza ndipo yavuke Atlantiki, kwa hiyo anayecheza huko akiwa Tanga anaubeba umbali wa Ulaya na juu yake anaongeza wa bahari nyingine. Katika kuvuna na kufanya biashara tofauti hiyo haiumizi sana, lakini katika mapigano mtu huona kabisa kwamba amegusa kitufe cha kujikinga na mhusika wake bado amesimama anapigwa.

Sababu ya pili ni saa. Sisi hukutana saa tatu usiku, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa. Wakati huo Ulaya ya kati ni saa moja au saa mbili jioni kulingana na majira ya mwaka, watu ndio kwanza wametoka kazini na kula, masoko yamejaa na njia zina wapita njia. Saa hiyo hiyo New York ni mchana mpevu, na dunia ya Amerika bado ina usingizi. Chama kidogo hutegemea sana wageni wa kununua bidhaa zake, kwa hiyo kuishi katika dunia inayoamka wakati wewe unakwenda kulala ni kujinyima wateja.

Jambo lingine linalohusu waya, ambalo liliathiri uchaguzi wetu wa mji kuliko nilivyotarajia, ni kukatika kwake. Yeyote aliyekuwa akitegemea intaneti hapa nchini Mei 2024 anakumbuka siku zile ambazo nyaya za chini ya bahari zilikatika upande wa kusini na mtandao ukazorota nchi nzima. Ongeza juu yake umeme unaokatika, bando linaloisha katikati ya safari, na mvua za masika zinazoyumbisha mawasiliano kwa walioko milimani. Kwa hiyo tulijiwekea sharti mapema: makao yetu yawe mahali ambapo chama kizima kinaweza kutoonekana kwa wiki nzima na kikirudi kikute kila kitu chake mahali pake.

Sharti hilo peke yake lilifunga mjadala wa nchi za mbali. Katika Albion ardhi imegawanywa kwa rangi. Katika maeneo ya buluu mtu yuko salama kwa sehemu kubwa. Katika ya njano anaweza kuangushwa na wachezaji wengine lakini haporwi alichobeba. Katika mekundu na meusi anayeuawa hupoteza kila kitu alichovaa na alichobeba. Kadiri rangi inavyozidi kuwa kali ndivyo mali ghafi inavyozidi kuwa bora. Huko kwenye maeneo meusi, ambayo ndiyo nchi za mbali, vyama hujenga maficho yao wenyewe, hutawala ardhi na kujipatia jina, na vyama vikubwa, ambavyo vinaweza kuwa na hadi watu 300, hupita vikialika vyama vidogo vijiunge chini ya kivuli chao. Sisi nasi tulialikwa, kwa maneno ya heshima kabisa. Lakini ardhi hizo zina saa zake maalumu za kushambuliwa, na anayeshindwa kufika saa hizo na watu wa kutosha huipoteza. Dada muuguzi aliuliza swali moja tu kwenye kikao: "Sasa mimi nikiwa wodini usiku, nyumba yangu analinda nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na wala sidhani kama jibu lipo kwa chama cha aina yetu. Vijana walisikitika, na nawaelewa, kwa kuwa hamu ya kumiliki ardhi ni sehemu ya utamu wa gemu lenyewe. Tukawaambia wako huru kwenda huko kuwinda na kurudi, kwani kila mji wa kifalme una lango la kwendea huko. Tulichokataa ni kuhamishia huko godoro la chama.

Caerleon nayo tuliipima. Ndiyo mji wa katikati ya ramani, na ndipo lilipo Soko Jeusi, ambalo hununua silaha na mavazi kutoka kwa wachezaji ili vitu hivyo vije kudondoshwa na mazimwi na wanyama wanaouawa kote katika dunia ya gemu. Kwa fundi wa kutengeneza silaha ni mahali pa riziki. Lakini mji huo umezungukwa na maeneo mekundu, na hiyo ina maana kwamba mwanachama mpya akitoka langoni kwenda kutafuta magogo mawili matatu anaweza kurudi uchi. Mwenye saa moja akiporwa dakika ya kumi na tano, jioni yake imekwisha. Hatukuijadili zaidi.

Ikabaki miji mitano ya kifalme iliyoizunguka Caerleon: Thetford ya kwenye vinamasi, Fort Sterling ya kwenye milima ya theluji, Lymhurst ya msituni, Bridgewatch ya nyikani, na Martlock ya kwenye nyanda za juu. Hapa ndipo penye utamu wote wa uamuzi, na hapa nitakaa kidogo.

Kila mji una soko lake na ghala lake, na vitu ulivyoweka katika ghala la mji mmoja huwezi kuvichukua ukiwa katika mji mwingine. Lazima uvibebe njiani, au ulipe nauli ya kusafirishwa papo hapo, nauli ambayo hupanda kadiri mzigo unavyokuwa mzito. Kila ardhi nayo ina mali ghafi inayopatikana kwa wingi kuliko nyingine: vinamasi vina nyuzi, milima ina madini, msitu una magogo, nyika ina ngozi, nyanda za juu zina mawe. Kisha kila mji unapendelea kuchakata aina moja. Mtu akichakata mali ghafi katika mji wa kifalme hurudishiwa sehemu ya alichotia, kwa wastani wa asilimia 15.2, lakini akiichakata katika mji unaoipendelea sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 36.7. Hiyo ni tofauti kubwa mno kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Waliolitengeneza gemu wamehakikisha kwamba mji haupendelei kamwe ile mali inayojaa nje ya malango yake. Magogo ya msitu wa Lymhurst huchakatwa vyema Fort Sterling. Madini ya Fort Sterling huchakatwa vyema Thetford. Nyuzi za Thetford huchakatwa vyema Lymhurst. Ngozi za nyika ya Bridgewatch huchakatwa vyema Martlock, na mawe ya Martlock huchakatwa vyema Bridgewatch.

Kwa hiyo swali la chama kikae wapi linageuka kuwa swali la barabara. Watu wa mkoa huu tunalijua hilo kwa historia yetu wenyewe, kwani Pangani ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya pembe za ndovu karne ya 19, na ilikuwa mji wenye majumba na matajiri. Lakini Wajerumani walipoanza kujenga reli kutokea Tanga mwaka 1893, reli iliyokuja kufika Moshi mwaka 1911, mizigo ya bara ikafuata reli, na Pangani ikabaki na majumba yake. Mji hulelewa na njia inayouingia. Mwalimu wetu wa Pangani ndiye aliyeukumbusha mfano huo kikaoni, na hakuusema kwa uchungu.

Namna tulivyofanya kikao ni hii, na ningependa wenzetu waige. Hatukuanza kwa kupiga kura. Kura katika kikundi cha marafiki huwapa ushindi wanaoandika sana kwenye kundi la WhatsApp, nao kwa kawaida ndio wenye muda mwingi. Badala yake kila mtu aliombwa aandike jioni yake moja ya kawaida: anaingia saa ngapi, anakaa muda gani, anafanya nini cha kwanza, na kitu gani humfanya atoke akiwa ameridhika. Kaka wa bandarini aliandika, "Mgosi, mimi nikitoka zamu nina dakika arobaini kabla usingizi haujanichukua. Nataka nitoke langoni, nikute cha kufanya, nirudi, nilale." Mzee wa Muheza aliandika kwamba yeye hapendi kupigana kabisa, anapenda kulima na kuangalia bei. Vijana waliandika mapigano, mwanzo hadi mwisho. Dada muuguzi aliandika kwamba anapenda kuvuna akiwa anaongea na watu, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi yake ya kuongea na watu wasio wagonjwa.

Tulipoyasoma yote pamoja, jambo moja lilijitokeza wazi. Hakuna hata mmoja aliyetaja kusafirisha mizigo kama raha yake ya kila siku, lakini karibu kila mmoja alitaja kutoka langoni na kukuta kazi papo hapo. Kwa maana hiyo mji uliotufaa ni ule ambao mali iliyo karibu na lango ni ya kuwafaa watu wa aina mbili kwa pamoja, wavunaji na wapiganaji, na ambao usafirishaji wake unaweza kukusanywa ukafanywa mara moja kwa wiki.

Hapo ngozi ikawa na sifa ambayo mali nyingine hazina. Magogo, mawe na nyuzi vimesimama vinakungoja uje na shoka, nyundo au mundu wako. Ngozi iko juu ya mgongo wa mnyama aliye hai, na lazima auawe kwanza ndipo achunwe. Kijana anayetaka kupigana anaua, dada anayetaka kuvuna anachuna, na wote wawili wanatembea pamoja wakiongea. Hakuna mali ghafi nyingine katika gemu hili inayowaunganisha watu wa hulka mbili kwa urahisi namna hiyo. Nyika ikapanda juu ya orodha.

Lymhurst ilikuwa na watetezi wake, na hoja zao hazikuwa dhaifu. Ni mji mzuri kwa macho, wenye kijani kibichi, na mafundi wake hupata nafuu katika kutengeneza pinde na panga, silaha ambazo vijana wetu wawili wanazitumia. Lakini magogo yake yanakwenda Fort Sterling, na ukirudi kutoka Fort Sterling unarudi na nini? Madini ya Fort Sterling yanataka kwenda Thetford, upande mwingine kabisa. Mnyama wako wa mizigo anarudi mtupu. Ndipo Mwalimu alipochora miji mitano kwenye karatasi, akaweka mshale kutoka kila ardhi kwenda kwenye mji unaochakata mali yake, akatupigia picha na kututumia. Katika mchoro ule jozi moja tu ilikuwa na mishale inayokwenda na kurudi kati ya majirani wawili: Bridgewatch na Martlock. Ngozi zinakwenda Martlock, mawe yanarudi Bridgewatch, na kila upande mnyama ana mzigo wenye faida mgongoni.

Mchoro ule ndio ulioamua. Tukaweka makao Bridgewatch na si Martlock kwa kuwa ngozi ziko nje ya lango la Bridgewatch, na kaka wa bandarini na dakika zake arobaini hakuweza kutakiwa avuke nchi ndipo aanze kazi.

Safari yenyewe hufanyika Jumapili usiku. Wiki nzima watu huingia kwa nyakati zao, huwinda, na huziacha ngozi katika ghala la chama. Siku hiyo mwenye maksai hupakia. Maksai ni mnyama wa mizigo wa Albion. Ni mpole, ana nguvu za ajabu, na anatembea taratibu kiasi kwamba mtu aliyezoea farasi hudhani simu imeganda. Mmoja wa vijana hutangulia na farasi mwepesi hadi kwenye mpaka wa eneo linalofuata, anaangalia nani yuko pale, kisha anasema kwa sauti kwamba njia ni shwari, na maksai anasogea na watu wawili watatu kandokando yake. Njia tunayopita ni ya maeneo ya buluu na njano, kwa hiyo hata tukiangushwa hatuporwi. Lakini kuangushwa kunachelewesha, na kunachakaza vifaa. Kuna Jumapili umeme ulikatika mtaani kwa mwenye maksai, kipanga njia chake (router) kikazima, na mhusika wake akabaki amesimama katikati ya barabara nyikani hadi alipofanikiwa kuwasha data ya simu. Watu walimzunguka wakakaa pale pale wakipiga soga hadi aliporudi. Hakuna aliyelalamika. Safari hiyo moja ya wiki, ambayo kwa mahesabu makavu ni kazi ya kuchosha, imekuwa ndiyo inayowakutanisha wanachama wengi kuliko tukio jingine lolote.

Kabla ya kuondoka tunaangalia bei za masoko yote mawili, na hili nalisisitiza. Kwa kuwa masoko hayaunganishwi, zipo wiki ambazo ngozi mbichi huko Martlock ina bei nzuri kiasi kwamba kuiuza bila kuichakata kunalipa vizuri kuliko kuihangaikia. Zipo pia wiki ambazo mzigo ni mdogo na watu hawajatimia, na hapo ni heri kulipa nauli ya papo hapo na kuokoa usiku wa watu. Mzee wa Muheza ndiye tunayemtegemea kwa maamuzi hayo. Ameuza machungwa miaka mingi, na hajui kudanganyika na bei ya siku moja.

Kuhusu kisiwa cha chama, tulikinunua mji ule ule ili anayeingia asihitaji kwenda popote. Huko ndiko kwenye mashamba. Mazao ya Albion, karoti, maharage, ngano na mengineyo, huiva kwa saa 22, na hizo saa mbili zilizopungua katika siku nzima ni neema kwa mtu wa kazi, kwa kuwa anayepanda saa tatu usiku leo atakuta yameiva saa tatu usiku kesho hata kama amechelewa kidogo kupanda. Tumegawa viwanja kwa kuanza na wenye muda mchache. Wenye muda mwingi wanaweza kutafuta riziki kwingine. Shamba ni la yule ambaye ataingia, avune, apande, awasalimie walioko, na atoke. Kodi ya chama tumeiweka ndogo sana, na hata hiyo ndogo huenda moja kwa moja kwenye mahitaji ya kisiwa na ya maksai.

Wenzetu wanaocheza magemu mengine wataona kwamba masuala hubadilika lakini kipimo kinabaki. Katika Final Fantasy XIV, kwa mfano, nyumba ya chama ambayo hakuna mwanachama aliyeingia ndani yake kwa siku 45 huingia hatarini kubomolewa ili kiwanja apewe mwingine, na chama cha watu wa zamu na misimu kinapaswa kulijua hilo kabla hakijatoa pesa zake. Katika EVE Online, gemu la angani, vyama vingi vidogo huvutwa na mfumo wa nyota wa Jita kwa sababu ndiko biashara kubwa iliko, lakini kuwa na ofisi karibu na soko na kuwa na mahali pa kufanyia kazi ni mambo mawili, na vipo vyama vinavyofanikiwa kwa kukaa hatua kadhaa kando na kwenda Jita kuuza tu.

Yapo ambayo hatujayamaliza. Vijana wa Ngamiani wataondoka kwenda vyuoni, baadhi Dodoma na baadhi Dar es Salaam, na jioni zao zitabadilika. Huenda wakawa na muda mwingi zaidi, huenda wakakosa kabisa. Mmoja wa wanachama amejitolea kuweka kisiwa chake binafsi Martlock ili ngozi zikifika zipate mahali pa kutunzwa na kuchakatwa kidogo kidogo, na wapo wanaoona kwamba hatua hiyo itatuvuta tuhamie huko polepole bila kuamua. Kwangu mimi hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ghala la pili huzaa safari ya pili, na safari ya pili itaangukia mabegani mwa wale wale. Tumemwomba Mwalimu aandike bei za ngozi na mawe za miji yote miwili kwa wiki chache zijazo, na dada muuguzi atatuambia ratiba yake mpya ya zamu ikitoka. Tutakaa kikao kabla vijana hawajaondoka, na kila mtu ataombwa tena aandike jioni yake moja.